Baada ya Saa 72: Vitabu vya Waliochelewa Kusema

Huduma tunayompa mtu aliyefanyiwa ukatili wa kingono imejengwa juu ya saa. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72. Fomu ya PF3 inataka majeraha yanayoonekana. Daktari anataka nguo ambazo hazijafuliwa, na askari wa Dawati la Jinsia na Watoto anataka kujua ilikuwa lini, wapi, saa ngapi. Hata vile vituo vinavyowakusanya daktari, polisi na mnasihi chini ya paa moja vinaitwa vituo vya mkono kwa mkono, jina lenye haraka ndani yake: pokea, pitisha, usidondoshe. Haraka hiyo ina maana kubwa na sina ugomvi nayo.

Swali langu linamhusu anayefika akiwa amechelewa miaka 20. Ana miaka 31, ana kazi, pengine ana mtoto aliyefikisha umri uleule aliokuwa nao yeye siku ile. Nguo zilishafuliwa zamani. Jeraha halionekani kwa tochi ya daktari. Namba 116 tunayoiona kwenye mabango ni ya kusaidia watoto, na yeye si mtoto tena. Anakwenda wapi?

Wengi hawaendi popote. Wachache huenda kwenye kitabu: ama wanakiandika, ama wanakisoma usiku wakati wenzao wamelala. Mwaka huu, katika masomo yangu ya shahada ya umahiri, nimekaa na vitabu vitatu vya wanawake waliosema wakiwa watu wazima yale waliyofanyiwa utotoni: I Know Why the Caged Bird Sings cha Maya Angelou wa Marekani (1969), Le Consentement cha Vanessa Springora (2020) na Triste tigre cha Neige Sinno (2023), hivi viwili vya Ufaransa nikivisoma katika tafsiri za Kiingereza za Natasha Lehrer. Kwa kawaida vitabu vya namna hii husifiwa kwa ujasiri, kisha hurudishwa kabatini. Mimi nataka kuvisifu kwa jambo jingine, yaani kuchelewa kwenyewe. Ushuhuda uliokuja baada ya miaka 30 una mambo ambayo ushuhuda wa siku ya tatu hauwezi kuyabeba, na vitabu hivi vinamfundisha msomaji kuyasikiliza. Ni kazi ambayo mahakama, familia na hata darasa la fasihi bado hatujaimudu.

Nianze na lugha, maana huko ndiko mkwamo unakoanzia.

Mtu mzima anayetaka kusimulia kwa Kiswahili jambo alilofanyiwa akiwa na miaka 8 anakosa neno la kuanzia. Magazeti ya Kenya yatamwambia kuwa alinajisiwa, na ndani ya neno hilo imo najisi, kitu ambacho kikigusa nguo inabidi ifuliwe kabla ya sala. Aliyekuwa mtoto wa kiume ataambiwa alilawitiwa, neno lenye asili yake katika jina la Nabii Lut, na hivyo mtoto anabebeshwa dhambi ya mji mzima ambao hata hajausikia. Mtaani tunasema aliharibiwa, kama redio. Zanzibar wanasema udhalilishaji, na aliyetendewa anabaki dhalili. Ukiacha kubaka, ambalo angalau linatupa mbakaji, maneno haya yote yanatazama doa lililobaki kwa mtoto kuliko mkono uliomshika.

Miaka ya karibuni mashirika na wanaharakati wametuletea manusura. Ni neno zuri, la nusura, la msaada uliofika. Lakini tulilizoea kwenye habari za ajali. MV Bukoba ilipozama mwaka 1996 tulisikia habari za manusura, na wote tulielewa maana yake: meli imezama, hawa wametoka majini. Meli iliyozama haizami tena keshokutwa. Je, tumwiteje aliyenusurika na baba mdogo ambaye kila Idi anakuja, anakaa kiti kilekile sebuleni, na yeye ndiye anayetumwa kumnawisha mikono? Nalitumia neno manusura katika makala haya kwa sababu sina bora zaidi, ila naomba msomaji alisome bila ile picha ya boya na ufukwe.

Lugha ikishindwa kumpa mtu neno, fasihi inaweza kumpa mhusika. Hapa rafu yetu ya Kiswahili ina kitabu kimoja ambacho siwezi kukikwepa: Rosa Mistika cha Euphrase Kezilahabi, cha mwaka 1971. Kilipotoka kilipigwa marufuku kwa muda kwa sababu kilisema waziwazi mambo ya mwili. Baadaye kikaingia madarasani. Msichana wa Ukerewe, binti wa baba mkali, anafika shuleni na chuoni bila kujua lolote kuhusu wanaume, na wanaume wenye vyeo na fedha wanajua kila kitu kuhusu wasichana kama yeye. Mchumba anamkataa kwa sababu ya historia ya mwili wake. Rosa anajiua.

Nakiheshimu sana kitabu hiki. Kezilahabi alikuwa kijana wa miaka ya 20 alipokiandika, na aliiona shule kama mahali pa hatari wakati taifa zima lilikuwa linaiimba kama mahali pa ukombozi. Lakini ona kinachofanyika kwenye hatima. Rosa anakufa kabla hajapata nafasi ya kutazama nyuma. Hafikishi miaka 40. Hapati siku ya kukaa barazani na mwanamke mwenzake na kusema: sasa naelewa yule bwana alikuwa anafanya nini. Kifo chake kinatufanya tulie, na tukishalia tumemaliza. Mtu aliye hai angetudai zaidi. Ndiyo maana nilivuka bahari kutafuta vitabu ambavyo msichana amebaki hai hadi akashika kalamu mwenyewe.

Cha Angelou ndicho kinachosomwa zaidi, na nadhani ndicho kinachosomwa vibaya zaidi.

Habari yenyewe inajulikana. Akiwa na miaka 8 hivi, mjini St. Louis, Maya alibakwa na mpenzi wa mama yake, ambaye kitabu kinamwita Bwana Freeman. Kesi ikafika mahakamani. Mtu huyo akahukumiwa mwaka mmoja na siku moja, akatoka siku ileile, na muda mfupi baadaye akakutwa ameuawa. Mtoto akajifunga mdomo. Kwa karibu miaka mitano hakuzungumza na yeyote isipokuwa kaka yake, Bailey.

Kwenye semina yetu, tulipofika sehemu ya mahakama, mwenzetu mmoja aliuliza swali kwa nia njema kabisa: kwa nini mtoto alidanganya? Ni kweli, alidanganya. Wakili wa utetezi alimuuliza kama mshtakiwa alikuwa amewahi kumgusa kabla ya siku ile. Alikuwa amemgusa. Maya akajibu hapana. Mwenzetu aliona hapo ndipo kesi ilipoharibika. Tukabishana hadi muda ukaisha, na nikatoka na hakika kwamba ukurasa ule ndio moyo wa kitabu.

Tuusome taratibu. Kabla ya ule ubakaji, Freeman alikuwa amemfanyia mtoto jambo ambalo mtoto hakulielewa, kisha akamkumbatia. Maya, aliyekuwa amelelewa mbali na wazazi wake wote wawili, alipenda kukumbatiwa. Alidhani huenda huyu ndiye baba. Sasa simama naye kizimbani. Akisema ndiyo, mama yake, bibi yake na Bailey watasikia kwamba kulikuwa na siku ya kwanza, na kwamba hakusema. Swali la wakili lina matundu mawili tu: ama hujawahi kuguswa na wewe ni msafi kabisa, ama uliguswa, ukanyamaza, kwa hiyo ulitaka. Mtoto anaingia tundu la kwanza kwa sababu la pili lina moto. Yule mtu anapokufa, anafunga hesabu kwa akili ya kitoto: nilisema uongo, mtu akafa, kwa hiyo mdomo wangu unaua. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Kimya cha Maya kilikuwa na mshindo wa aina hiyo, ila mshindo ulikuwa ndani yake peke yake.

Angelou alipokuwa anaandika alikuwa amefikia miaka 40. Zaidi ya miaka 30 ilikuwa imepita. Na katika kurasa zile anaandika jambo ambalo mahakama ya St. Louis haikuwa na mahali pa kuliweka: kwamba alipenda kushikwa. Anaiweka haja ya mtoto ya kupendwa kando ya uhalifu wa mtu mzima, zote mbili mezani, bila kuruhusu moja ifute nyingine. Ushuhuda wa siku ya tatu usingeweza. Mwendesha mashtaka angemwambia asiseme, utetezi ungelidaka, na gazeti la jioni lingelipamba. Ilibidi mtoto yule akue, apate lugha na mahali salama pa kusimama, ndipo ukweli wote utoke. Kwa hiyo anayeuliza "mbona umechelewa?" anauliza swali lisilo na msingi. Kuna kweli ambazo hukomaa pole pole kwa sababu mapema zingetumika kama silaha dhidi ya mwenyewe.

Halafu anakuja Bi Flowers. Huyu ni mwanamke wa heshima wa mji mdogo wa Stamps, Arkansas, anayemwalika Maya nyumbani kwake, anampa biskuti na maji ya ndimu, na kumsomea kwa sauti kitabu cha Charles Dickens. Anamwazima vitabu na kumtaka akariri shairi arudi amsomee. Wahakiki wengi wanaiita sehemu hii ushindi wa fasihi: vitabu vimemponya mtoto. Inatufurahisha sisi wa idara za fasihi kusikia hivyo. Lakini angalia Bi Flowers hafanyi nini. Hamuulizi habari za St. Louis. Hamwambii asahau, wala hamwambii aseme. Anaomba sauti ya mtoto bila kudai habari yake. Kama Maya angesoma kwa sauti maelekezo ya kupikia maandazi badala ya Dickens, nadhani ingetosha.

Jambo la mwisho kuhusu kitabu hiki ni uwiano wake. Ubakaji na kesi vinachukua kurasa chache. Duka la bibi linachukua nyingi zaidi, pamoja na wachuma pamba wanaofika alfajiri wakitania na kurudi jioni wakiwa hoi, kanisa, na ubaguzi wa Kusini mwa Marekani. Angelou anakataa maisha yake yawe nyongeza ya jambo moja. Wanaotaka kusaidia manusura wakiweza kujifunza uwiano huo tu, watakuwa wamejifunza mengi. Mtu akikuambia kilichompata, bado ni yuleyule anayeshabikia Simba na anayekudai elfu kumi.

Springora anatuonyesha hali iliyo kinyume: kesi ambayo haikuwa siri.

Alikutana na mwandishi Gabriel Matzneff akiwa na miaka 13. Uhusiano ukaanza akiwa na 14, mwanamume akikaribia 50. Matzneff hakujificha. Aliandika na kuchapisha vitabu kuhusu kulala na watoto, akaalikwa kwenye televisheni, na mwaka 2013 akapewa tuzo ya Renaudot. Mwaka 1990, kwenye kipindi maarufu cha vitabu cha Apostrophes, mwandishi Denise Bombardier kutoka Quebec alimkabili uso kwa uso akisema kwamba huu ni unyanyasaji wa watoto. Wengine mezani hawakumuunga mkono, na baadaye baadhi ya wasomi wa Paris walimdhihaki yeye. Siri ya mtungi aijuaye kata, tunasema. Hapa walioijua siri hawakuwa kata peke yake. Jikoni palijaa watu, na wote waliona maji yakichotwa.

Le Consentement ni kitabu chembamba na kikavu. Mwanamume anaitwa kwa herufi, G., na msichana V. Matzneff alikuwa amemgeuza msichana kuwa mhusika wa vitabu vyake, hata barua zake akazichapa. Springora anajibu kwa kumfungia yeye kitabuni, tena bila jina, jambo ambalo kwa mtu anayependa sifa ni adhabu ya pekee. Lakini kazi ngumu ya kitabu ni kulifumua lile "ndiyo" la msichana wa miaka 14. Springora hakani kwamba alikubali, wala hakani kwamba alijiona ana mapenzi. Anauliza ndiyo hiyo ilitengenezwa na nani, kwa vifaa gani: baba asiyekuwepo, mama aliyelegeza, kundi zima la wasomi lililoona fahari. Ni lilelile tundu la pili la wakili wa St. Louis. Angelou aliliogopa akiwa kizimbani. Springora anaingia humo akiwa mtu mzima na kuwasha taa.

Kitabu hicho kilitoka Januari 2020 na Ufaransa ikatikisika. Gallimard waliacha kuuza shajara za Matzneff, waendesha mashtaka wakafungua uchunguzi, na Aprili 2021 sheria mpya ikasema kwamba mtu mzima akilala na mtoto chini ya miaka 15 swali la ridhaa haliulizwi. Kitabu kimoja hakikuyafanya yote hayo, vingine vilikuwepo na wanaharakati walikuwa wameshafanya kazi miaka mingi, ila mchango wake uko wazi.

Kabla hatujawacheka Wafaransa kwa kuchelewa, tujitazame. Tanzania ilitunga Sheria ya Makosa ya Kujamiiana mwaka 1998, na kwa maandishi inamlinda msichana hadi miaka 18. Lakini sheria hiyohiyo ilimwacha nje aliyeolewa akiwa na miaka 15, kwa kuwa Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu ndoa hiyo. Rebeca Gyumi alipinga vifungu hivyo vya ndoa mahakamani akashinda mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana naye mwaka 2019. Kenya nayo ilipotunga sheria yake ya makosa ya kingono mwaka 2006, iliweka kifungu cha 38: anayetoa tuhuma ya uongo atapata adhabu sawa na ya kosa analotuhumu. Mfikirie mwanamke wa miaka 30 asiye na ushahidi zaidi ya kumbukumbu yake akisoma kifungu hicho. Kiliondolewa mwaka 2012.

Kitabu cha tatu ndicho kilichonivunja nguvu, na ndicho ninachokiheshimu zaidi kama kazi ya fikra.

Neige Sinno alibakwa na baba yake wa kambo kwa miaka mingi ya utoto wake. Akiwa kijana wa kike mtu mzima alikwenda kushtaki pamoja na mama yake, kwa sababu nyumbani walibaki wadogo zake. Mwanamume akahukumiwa kifungo cha miaka 9. Ukitazama kwa macho ya haraka, hii ni habari iliyokwisha vizuri: alisema, aliaminiwa, haki ikatendeka. Triste tigre, kilichopata tuzo ya Femina na Goncourt ya wanafunzi wa sekondari mwaka 2023, kinaanzia pale ambapo habari kama hizo huishia.

Sinno anaanza kwa kumchora mtendaji, kisha anajiuliza kwa nini sote tunavutiwa zaidi na huyo kuliko na mtoto. Anabishana na Nabokov. Anatilia shaka kumbukumbu zake, anatilia shaka sababu zake za kuandika, na anakataa katakata ahadi kwamba fasihi huponya. Kwake fasihi haikumwokoa. Mwandishi wa kawaida angemaliza kwa jua linalochomoza, yeye hakupi. Wenzangu wawili walikiacha katikati wakasema kinachosha. Kinachosha kweli. Lakini sisi huchoka baada ya saa tatu za kusoma.

Thamani ya Sinno kwa mtetezi wa manusura ni kwamba anatunyang'anya zawadi tuliyoizoea. Tunapenda kumsikiliza mtu kwa sharti kwamba mwisho wa hadithi atatuambia yuko sawa. Kongamano la wanaharakati linapenda shuhuda anayelia kidogo, kisha anatabasamu. Sinno anasema, kwa umbo la kitabu chake, kwamba mtu anaweza kuwa na ndoa, mtoto, vitabu na utani, na bado jambo lile likawepo kila siku. Kumuunga mkono mtu huyo kunamaanisha kukubali kwamba huenda hutaona mwisho.

Sasa nivirudishe vitabu hivi nyumbani, maana kuna neno letu ambalo waandishi hawa watatu wangelitambua mara moja hata bila tafsiri: muhali. Watu wa Zanzibar na pwani yote wanalijua. Ni ule uzito wa kumkatalia ndugu, kumshtaki jirani, kumwaibisha mzee aliyekusomesha. Muhali una upande mwema. Ndio unaotufanya tuhudhurie misiba ya watu tusiowapenda. Lakini katika kesi za watoto, muhali ndio unaomfanya shahidi asitokee mahakamani, na mama aseme tuyamalize kifamilia. Mtoto akikua, muhali humgeukia yeye: baba mdogo ameshazeeka, ana presha, leo unataka kumuua? Mtu mzima aliyeumizwa utotoni anaombwa awe ndiye mwenye huruma kwa wote.

Na si watu wachache. Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto uliofanyika Tanzania mwaka 2009 ulionyesha kuwa karibu wasichana 3 kati ya 10, na takriban mvulana 1 kati ya 7, walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya miaka 18. Waliohojiwa walikuwa na miaka 13 hadi 24. Leo wakubwa wao wamefikisha miaka 40. Ni walimu, makondakta, wanafunzi wenzangu wa shahada ya umahiri.

Tufanye nini nao? Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa wahudumu wa afya una mambo matano: kusikiliza, kuuliza mahitaji, kumwonyesha mtu kwamba unamwamini, kuimarisha usalama wake, na kumsaidia kufikia huduma nyingine. Hakuna mahali panaposema mtoe habari yote. Daktari wa akili Judith Herman, katika Trauma and Recovery (1992), alipanga safari ya kupona kwa hatua tatu na akaweka usalama kwanza. Kukumbuka na kuomboleza ni hatua ya pili, kisha kuungana tena na watu. Bi Flowers hakusoma lolote kati ya hayo, ila alilifanya.

Kwa hiyo mtu mzima akikuambia, liache lile "kwa nini hukusema?" Ameshajiuliza. Muulize leo anahitaji nini, na ukubali jibu likiwa dogo: nisindikize, kaa hapa, usimwambie mtu. Usiitishe kikao cha ukoo bila ridhaa yake. Usimlazimishe kwenda polisi wala kumsamehe yeyote. Kuna kikomo kimoja tu, nacho ni kile kilichompeleka Sinno mahakamani: ikiwa kuna mtoto ambaye yuko karibu na mkono uleule leo, basi mtoto huyo analindwa, na mtu mzima yeyote anaweza kupiga 116 kwa niaba yake. Hata hapo, mwambie kwanza aliyekuamini kwamba utafanya hivyo, asije akasikia kwa majirani.

Nina lalamiko moja kwa vitabu vyenyewe, au kwa soko linalovichagua. Wote watatu ni wanawake waliokuja kuwa mafundi wa maneno. Wavulana wako wapi? Katika Kiswahili mwanamume wa miaka 35 hana hata neno la kujiita, achilia mbali kitabu. Na yuko wapi mama muuza vitumbua asiyeandika sentensi ya kusifiwa? Tukizoea kumwamini tu anayesimulia kwa ufundi, tutakuwa tumeihamisha mahakama ya St. Louis kwenye ukumbi wa fasihi: matundu mawili, ama usimulie vizuri, ama hatukusikii.

Kitabu cha Kiswahili ninachokisubiri huenda kina mwandishi tayari, Mbagala au Kisumu au Mwanza. Rosa wake amefikisha miaka 45, ana duka la dawa, ana miguu inayouma jioni. Sura moja tu inarudi nyuma, nyingine zinahusu mikopo ya vikundi, shule ya binti, na mwanamume mpole aliyechelewa kuja. Huenda Rosa huyo ni Rashidi. Siku muswada huo ukifika kwenye meza ya jarida kama hili, atakayeusoma kwanza atakuwa mmoja wetu, mwenye shahada na haraka. Ningependa swali letu la kwanza kwa mwandishi lihusu lile duka la dawa.